Bati la Mtondooni

Watu wa Wete walimjua Duni Vuai kwa mambo mawili. Mikono yake ilitia bati sufuria za shaba vizuri kuliko mikono yoyote ya kaskazini ya Pemba, na mikono hiyo hiyo ilikuwa imeshamng'oa meno mtu mmoja wa Chake na kumvunja mbavu mwengine kule Wesha, kwa shauri ya neno tu. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, nyusi zimeunguzwa na moto mpaka zimeacha kuota. Akikasirika hakupiga kelele, na kwa hivyo aliyekuwa mbele yake hakupata onyo.

Kazi alifundishwa na baba yake, Mzee Vuai, ambaye wazee wake walitoka bara, upande wa Manyema. Naye alijifunza kwa fundi mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akitengeneza madele ya kahawa. Ni kazi inayojulikana katika bandari zote za bahari hii. Maskati humwita mwenye kuifanya mubayyidh, yaani mtia weupe. Bombay humwita kalaiwala. Pemba walisema fundi bati, ikatosha.

Mzee Vuai alisomesha kwa makofi. Kofi moja Duni alilipata kwa kuacha maji ya ukwaju yalale ndani ya sufuria ya shaba isiyotiwa bati. Kulipokucha ukingo ulikuwa umeota kijani kama ukoga wa kisima.

"Waiona hiyo?" baba alimwambia, sikio la mtoto likiwa bado linavuma. "Hiyo ni shaba iliyoliwa. Madini yote yametolewa udongoni kwa nguvu, na kila siku yataka kurudi. Hewa yayaita, chumvi yayaita, ukali wa ndimu ndio kabisa. Chuma kikirudi huwa kutu nyekundu. Shaba ikirudi huwa kijani hiyo, na kijani hiyo ikiingia tumboni humtoa mtu roho. Kazi yetu sisi ni kuyazuia. Na yakisharudi, kuyanyang'anya tena kwa moto."

Kwa makofi kama hayo Duni alikuja kujua kwamba shaba nyekundu peke yake ni laini. Ukiichanganya na zinki huwa ya manjano na ngumu, ndiyo ya masinia na madele. Ukiichanganya na bati hupata sauti, ndiyo ya kengele. Alijua kwamba bati halikai juu ya shaba kama chokaa juu ya ukuta. Unaichubua shaba mpaka nyama yake ionekane, unaitia moto, unairushia unga wa chumvi nyeupe ya mafundi, nushadiri, inayofuka moshi na kula kutu iliyobaki. Hapo unapitisha bati kwa bonge la pamba, nalo linaingia. Baina ya viwili hivyo panazaliwa ngozi nyembamba ambayo si shaba wala si bati, na ngozi hiyo ndiyo inayoshika. Alijua pia kwamba ule utando wa kijivu unaoelea juu ya bati lililoyeyuka si taka ya kutupwa. Ni bati lililoliwa na hewa. Uchanganye na unga wa makaa, uufunike, uvukute moto mkali, na makaa yataunyang'anya ile hewa yake. Bati linarudi jeupe, likichezacheza kama zebaki.

Alimwoa Mwanamize binti Kificho, mtu wa Mtondooni, kitongoji cha nje ya Konde. Mama yake Mwanamize, Bi Kazija, ndiye aliyekuwa akitunza vyombo vya mtaa. Hivyo vilikuwa sufuria tatu kubwa za shaba, kila moja mtu aweza kusimama ndani yake, zilizokuwa mali ya watu wote. Hakukuwa na harusi wala hitima Mtondooni bila ya sufuria hizo. Kila mwaka Duni alikwenda kuzitia bati. Aliingia ndani miguu mitupu, akashika ukingo, akajizungusha kiuno juu ya mchanga ili kuichubua shaba, na wanawake wakakusanyika kumcheka.

"Fundi, ngoma gani hiyo?" wakamwuliza.

"Ngoma ya kuwafanya msife. Ingieni mcheze."

"Mkweo yupo hapa, huoni haya?"

Bi Kazija hakucheka. Mwaka wa sitini na moja alimletea chakula cha mchana akakiweka mbali, chini, kama anayemwekea paka, akaondoka bila ya kusema karibu.

Huo ulikuwa mwaka wa siasa. Wa chama hiki hakununua dukani kwa wa chama kile, hakupanda gari yake, hakumzika maiti wake. Waume waliwaacha wake waliozaa nao watoto sita. Duni alikuwa na chama chake, kama watu wengi wa mtaa wake. Mtondooni nzima ilikuwa na chama chengine. Sufuria alizitia bati kabla ya mambo kuchacha, na hakukanyaga tena huko mpaka siku alipofuatwa.

Walikuja asubuhi kwa gari la abiria la Konde, wanaume saba, wana marungu na mapanga. Duni alikuwa kibarazani kwake Jadida, mtaa wa Wete, amechutama mbele ya moto, anaziba dele. Aliyetangulia alikuwa Bakar Abrahman, mkulima, kijana mrefu aliyekuwa akimletea Duni ndizi kila alipokwenda kuzitia bati zile sufuria. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndiye huyo," Bakar akasema. "Simama!"

"Hata salamu, Bakar? Zimepanda bei kwenu?"

"Salamu kampe baba yangu kaburini. Tumemzika jana."

Duni akainuka. Alitaka kusema makiwa, lakini rungu la kwanza lilimpata begani kabla hajafungua mdomo, na baada ya hapo hakutaka kusema kitu. Alimpiga aliyempiga kwa koleo la moto, pua ikavunjika kwa sauti ya muwa. Wa pili alimkaba, akamgonga kichwa kwenye nguzo ya baraza. Kisha mpini wa jembe ukamshukia kisogoni, akaanguka. Wakampiga akiwa chini, mbavuni, mgongoni, usoni. Jino likamtoka. Majirani walifunga milango. Bakar akakipindua kikapu cha vyombo vyake na likaanguka bonge jeupe la nushadiri.

"Sumu hii hapa!" akapiga ukelele. "Mwaiona? Mmanyema anayo nyumbani, hata haifichi!"

Wakamtupa ndani ya gari, na kikapu wakakichukua kiwe ushahidi. Gari lilipoanza kwenda Mwanamize akatoka mbio, kanga moja mkononi, akarukia ubao wa nyuma.

"Shuka, Mize," mmoja akamwambia. "Gari hii ya wanaume."

"Nawaona. Wanaume saba, kwa mtu mmoja aliyechutama."

Hakuna aliyemshusha. Alikaa chini, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani, na damu ikamrowesha. Njiani Bakar aliyasema yote, huku akimpiga teke Duni kila baada ya maneno. Palikuwa na harusi ya dada yake. Mchuzi wa nyama, wa ukwaju na ndimu, ulipikwa katika zile sufuria tatu. Jioni wageni waliokuwa wakija kwa miguu kutoka Konde walizuiwa njiani na watu wa chama cha Duni, wakapigwa mawe. Mtondooni wote wakatoka na marungu kwenda kuwatetea. Vita vile viliisha kumeshakucha, na mchuzi ukiwa umelala ndani ya sufuria. Ukapashwa moto, watu wakala kwa njaa na furaha ya kushinda. Haukupita muda wakaanza kutapika. Matapishi yalikuwa ya kijani. Wengine walikuwa bado hospitali. Mzee Abrahman, aliyekula kwa kuwa ni baba wa bibi harusi na hakutaka kuonekana anadeka, alikufa adhuhuri akiwa amejikunja kama mtoto.

"Na wewe ndiye uliyezipaka dawa sufuria," Bakar akasema. Akapiga teke.

Mtondooni walimshusha mbele ya nyumba ya Bi Kazija. Uwanja ulijaa watu. Sufuria moja ilikuwa katikati, haikuoshwa, imewekwa hivyo makusudi. Mchuzi ulioganda chini yake ulikuwa umezungukwa na mstari wa kijani kibichi. Bakar akachota upawa mzima.

"Kula. Kama hukutia kitu, kula mbele ya watu."

"Ale!" watu wakaitikia. "Ale!"

Duni aliangalia upawa, kisha akaangalia sufuria. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga, lakini lile jengine lilimtosha. Sufuria ilikuwa nyekundu. Ndani yote, kutoka ukingoni mpaka kitakoni, ilikuwa shaba tupu, ina mikwaruzo ya mchanga ya duara, mingi, iliyopandana. Weupe ulibaki pale tu misumari ya masikio ilipotokeza, ambapo vidole havifiki.

"Bati langu liko wapi?" akauliza.

"Atuuliza sie!" mtu akasema, na wengine wakacheka kwa hasira.

"Niliiacha nyeupe kama mwezi. Hii imekwanguliwa. Mmepika ukwaju juu ya shaba tupu na mkaulaza. Hata ningekuwa nimekufa mwaka jana mngetapika vivyo hivyo. Nani alizikwangua?"

Watu wakageuka kumtazama mtunzaji wa vyombo. Bi Kazija alikuwa amekaa kibarazani baina ya wanawake, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mie sikuvigusa," akasema. "Nilivitoa ghalani nikawapa wapishi. Naapa."

Bakar akamkamata Duni kidevuni na kumbana taya afungue mdomo. Duni akamwuma kidole mpaka mfupani. Bakar akalia, akaunyanyua upanga, na pale Shehe Himid, mzee aliyesalisha watu wa Mtondooni, akapita katikati yao na kuushika mkono ule.

"Mbele yangu usimchinje mtu, Bakar. Nimeshampeleka mjumbe kwa askari Konde, wako njiani. Na kama hamwaamini askari, tutasoma Halbadiri, na aliyesema uongo Mungu atamwonyesha. Huyu akae hapa."

"Akae mpaka chama chao kije kumkomboa?" Bakar akauliza.

"Nipeni mchanga," Duni akasema.

Wakadhani kichwa kimemharibika.

"Mchanga wa pale." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya jiko, chini ya migomba, panapooshewa vyombo. "Bati halipai likaenda mbinguni. Likikwanguliwa, lipo palipokwanguliwa. Nipeni mchanga, na kikapu changu, na makaa."

"Mtu akiomba mchanga, mpeni mchanga," Shehe Himid akasema. "Mapanga yenu hayaozi."

Wakamletea pakacha zima. Ulikuwa mchanga wa kijivu, uliochanganyika na jivu na nyuzi za kumbi. Duni alikaa chini, kwa sababu mbavu hazikumruhusu kusimama, akauosha kidogo kidogo katika sinia, akiyumbisha, akimwaga. Mchanga mwepesi ulikwenda na maji na chini pakabaki unga mzito, wa rangi ya risasi. Akaujaza katika kichungu chake cha kuyeyushia, akauchanganya na unga wa makaa na kipande cha ile nushadiri. Watu wakarudi nyuma kwa hofu. Akakiweka kichungu katikati ya moto na akaanza kuvukuta kwa mivuo yake ya ngozi.

Alivukuta huku damu ikimdondoka kutoka mdomoni na kuchemka juu ya makaa. Ndipo alipomtazama mkwewe. Kanga ilikuwa imemteleza, na mikono ya Bi Kazija ilikuwa nje. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka, kucha zimelika mpaka nyamani. Ile ngozi ya baina ya shaba na bati ni ngumu. Mwenye kuiondoa katika sufuria tatu kwa mchanga na kumbi hafanyi kazi ya siku moja, wala haifanyi kwa mapenzi.

Mwanamize naye aliiona. Akaja akachutama karibu na mumewe.

"Duni, basi," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi nini?"

"Sema moto haushiki. Shehe amekukinga, askari waja. Ngoja tu."

"Bakar hatangoja."

"Atangoja. Lakini hilo likitoka, hawa hawatangoja askari kwa mama yangu. Watazame. Wataka mtu. Basi, mume wangu."

Duni akawatazama. Walikuwa wamesogea, mapanga mkononi, wakikitazama kichungu kama watu wenye kiu. Alijua kwamba Mwanamize amesema kweli. Alijua pia kwamba yule mwanamke wa kibarazani aliliona gari likiondoka kwenda kumchukua, aliuona upawa, aliuona upanga, na akaapa. Jino lililotoka liliacha shimo na ulimi wake haukuacha kulitafuta. Akavukuta. Aliongeza mkono, moto ukawa mweupe, na Mwanamize akainuka akaenda kukaa miguuni kwa mama yake.

Alipolitoa kaa la juu, chini yake palikuwa na kitu kinachong'ara kinachotetemeka. Akachora mfereji mchangani kwa kidole, akamimina. Kikatoka kijiti cheupe chenye urefu wa kidole cha shahada. Akakimwagia maji, akakiokota, akamsogezea Bakar sikioni, akakipinda.

Kikalia, kwa sauti kavu ya kukwaruza, kama udongo mkavu ukivunjika.

"Hakuna madini yanayolia hivyo ila bati," Duni akasema. Akakiweka mdomoni, akakiuma, akakitema. "Na hii ndiyo sumu yangu. Limetoka katika mchanga wa jiko la nani?"

Bi Kazija akasimama. Huenda hakumwogopa mtu pale, ila ile Halbadiri iliyokwisha kutajwa.

"Nilizikwangua!" akapiga kelele. "Ndiyo! Mlitaka niwalishe watu wetu harusini juu ya bati la mkono wa adui? Nyinyi wenyewe hamuingii dukani mwao! Nilisugua mpaka vidole vikatoka damu, mpaka sufuria zikawa safi, nyekundu, kama zilivyotoka dukani. Kosa langu liko wapi? Niambieni, liko wapi?"

"Uliapa hukuzigusa," Bakar akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Tulikuuliza. Baba alikuwa bado yu hai, tulikuuliza."

"Bakar mwanangu..."

Akampiga kwa ubapa wa upanga usoni. Pale pale wengine wakapanda kibarazani. Wanawake wakaanguka kwa kukimbia. Rungu likaushukia mkono wa Bi Kazija alioutanguliza, mfupa ukaita, mkono ukapinda pale pasipo na kiungo. Shehe Himid alisukumwa, akaanguka na kilemba chake. Mwanamize akamlalia mama yake, na aliyekuwa akipiga hakusita hata kidogo. Alipiga mgongo uliokuwa juu kama alivyopiga ule wa chini.

Duni akakinyakua kwa koleo kichungu alichokirudisha motoni, bado chekundu, kina taka za moto na bati lililobaki. Alikirusha. Kilimpata Bakar shingoni na shavuni, kikapasuka. Mlio wa Bakar ulisimamisha kila mtu. Alizunguka mara mbili, mikono usoni, na ngozi ikafuatana na vidole. Duni akaokota upanga alioudondosha, akasimama mbele ya kibaraza, jicho moja, mbavu zimevunjika, anayumba.

"Anayefuata," akasema.

Pengine wangemwendea. Lakini gari la askari lilikuwa limeshasikika njiapanda, na watu wakamiminika migombani.

Bakar alipona, ila jicho la kushoto lilikufa. Hakimu alimfunga yeye, akamfunga na Duni, katika jela moja, na humo hawakusemezana. Duni alipotoka, uchaguzi ulikuwa umeshapita na watu walikuwa wakizungumzia uchaguzi mwengine. Aliteremka Konde siku ya gulio na kumkuta Mwanamize kwenye duka la nguo. Alikuwa amekonda, akitembea ameinama kidogo upande, kama aliyebeba ndoo.

"Nimekuja kukuchukua," Duni akamwambia.

"Siji."

"Nilikuokoa, Mize. Wewe na mama yako."

"Ulituokoa baada ya kututia. Nilikwambia basi."

"Wangeniua."

"Labda. Na mama walimvunja mkono hakika, na haukufungika sawa, hawezi kukuna nazi mpaka leo." Alikuwa akinyoosha kitambaa cheupe, akikipima kwa dhiraa. "Ungekuwa huoni, ningesema huoni. Lakini nilikuwa karibu yako, Duni. Ulimwona, ukaniona mie, ukaongeza moto."

"Yeye aliniacha nife."

"Angeniulia mume wangu, aiokoe roho yake. Nawe ukamtoa mama yangu kwa watu. Mie ndiye niliyelala baina yenu. Nambie wewe, niishi na nani kati yenu? Yeye hana mkono. Wewe unayo miwili."

Mwenye duka alijitia kuhesabu vifungo. Duni alitafuta neno, na lile alilolipata lilikuwa la kumtukana Bi Kazija. Akalimeza.

"Wataka talaka yako?" akauliza.

"Naitaka."

Akampa hapo hapo, mwenye duka na mteja mmoja wakiwa mashahidi. Gari la Wete lilipopiga honi akapanda. Mwanamize hakugeuka. Alikuwa akimwelekeza mwenye duka akate wapi, kwa sababu kitambaa kilikuwa cha kufungia ule mkono shingoni, na mama yake hakutaka kiwe kifupi.